Si, Au

Miaka sita nimepanga ratiba ya shule hii
iliyokaa mgongoni mwa mawe ya Bugarika,
na kila Januari ubao wa ofisi ya taaluma
nimeufuta mpaka umeota mvi.
Walimu kumi na tisa. Maabara moja.
Ufunguo mmoja, nao una kutu.

Mwalimu Ng'wasi huvuka na kivuko cha Kamanga,
kabla ya saa tatu hayupo.
Maji ya bomba, saa tano kamili, yanakata.
Kidato cha Nne wanataka kemia ya vitendo,
vipindi viwili bila kupumua.
Nikivuta huku, kule kunaachama.
Nimemwita Ng'wasi mvivu, mbele ya watu.
Naye kaniita jina ambalo sitaliandika.

Basi Bahebe, mtoto wa kaka yangu,
fundi simu pale Makoroboi,
akaniletea programu kwenye flashi:
"Shangazi, hii haiuzwi.
Na tumbo lake liko wazi, ukitaka kuchungulia."
Nikachungulia. Maelfu ya mistari
ya watu wasionijua, kila mmoja
kashona kiraka chake akaondoka
bila kudai hata nauli.

Haijui kemia. Haijui Jumatatu.
Inajua kweli na si kweli, basi.
Ikabidi nijifunze kusema kwa "si" na "au":
si Ng'wasi au si saa mbili,
si maabara au si Kidato cha Pili.
Kila dai nikalipa namba,
kila kukana, kistari kifupi.
Neno "na" sikuliandika kabisa
(kompyuta yenyewe imeng'oka kitufe cha N):
kila mstari mpya ndiyo "na" yake.
Mistari mia nne na saba.
Dagaa wa jioni wakapoa mezani.

Nikabonyeza.
Ikakisia, ikagonga mwamba, ikarudi,
ikaandika pembeni kosa lile isilirudie
(mimi miaka sita sijaandika hata moja),
ikakisia tena, feni ikilia
kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi.
Kisha neno moja:
haiwezekani.

Sisi tukishindwa kitendawili hutoa mji.
Nimeshatoa Mwanza, nikatoa Geita, Musoma, Bukoba,
ziwa zima nimelizunguka nikigawa miji,
nikiamini jibu lipo, mjinga ni mimi.
Hii haikuomba mji.
Ilisema kitendawili chenyewe hakina jibu,
ikaambatanisha ushahidi, hatua kwa hatua,
asiyeamini akague.

Nililia kidogo. Si kwa huzuni.

Kisha ikachuja. Katika mia nne na saba
ikanibakishia minne inayokabana koo:
kivuko, bomba, vipindi viwili,
na wa nne nilioupiga bila kufikiri,
kama mtu anavyoandika tarehe:
saa nne, chai.

Saa tatu hadi saa nne, dakika sitini.
Themanini haziingii.
Vikombe vikioshwa, bomba limeanza kukohoa.
Si Ng'wasi. Si mimi. Ni chai.

Lakini nani alegeze, haikusema.
Hilo sikulipatia namba.
Nikashuka ngazi za mawe hadi kwa Mama Holo,
moshi wake, karai lake, ndoo yake ya uji,
nikaanzia mbali, habari za wajukuu,
bei ya mkaa, magoti,
mpaka nikafika: je, saa tano?

Akageuza kitumbua.
"Saa nne mafuta hayajawahi kunichemkia vizuri.
Mngeuliza."

Jioni ile programu ilijibu: inawezekana.
Ikanipa wiki nzima, Jumatatu hadi Ijumaa,
bila mtu kukaa juu ya mtu.

Ng'wasi bado sijamwomba radhi.
Kivuko chake kinatia nanga kesho kabla ya saa tatu.
Nitakuwa getini, au nitakuwa getini.